Neno "Mtandao" na Usakaji wa Hitilafu: Historia ya Istilahi za Mawasiliano Yasiyo na Waya

Ni istilahi chache za kisayansi zilizopata bahati ya neno mtandao. Halikuenezwa kwa waraka wala halikuhitaji kufundishwa darasani. Leo hulisikia kwa muuza samaki na kwa katibu mkuu wa wizara, na wote wawili hulitumia bila kusita. Kwa kawaida mtunga istilahi huona jambo kama hilo kuwa ushindi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ushindi huo umekuwa na gharama yake. Neno mtandao limebebeshwa dhana nne au tano ambazo, katika historia ya ufundi, zilizaliwa kwa nyakati mbalimbali na kwa mikono ya watu mbalimbali. Na kwa sababu hiyo mtu ambaye kompyuta yake ya nyumbani imekataa kuunganishwa hana maneno ya kueleza ni kitu gani hasa kilichoharibika.

Yafaa tutoe mfano mmoja. Mwalimu mmoja wa sekondari, tunayemfahamu, alipaswa kupeleka alama za mitihani za wanafunzi wake kwa njia ya kompyuta kabla ya saa sita mchana. Akiwa nyumbani aliona kwamba kompyuta haifungui ukurasa wowote, ingawa ishara ya mawimbi katika pembe ya kioo ilikuwa imejaa mpaka juu. Akaipigia simu kampuni iliyomwuzia huduma, akasema, "Mtandao haupo." Mhudumu akatazama mitambo yake, akajibu kwa adabu, "Mama, mtandao upo." Mazungumzo yakaendelea hivyo kwa muda mrefu, huyu akisema haupo na yule akisema upo, hata mwalimu akakata simu, akapanda basi kwenda mjini kutafuta duka la kompyuta. Alama zilifika jioni, na barua ya kumtaka ajieleze ilifika siku iliyofuata.

Sasa, wote wawili walisema kweli. Mhudumu alikusudia njia itokayo kwenye kampuni mpaka nyumbani kwa mwalimu, nayo ilikuwa nzima. Mwalimu alikusudia uwezo wa kompyuta yake kuufikia ulimwengu, nao haukuwapo. Hitilafu ilikuwa katikati, mahali ambapo neno lao la pamoja lilipafunika badala ya kupafunua. Ili kuelewa jinsi tulivyofika hapo hatuna budi kurudi nyuma, tena mbali kidogo.

Kabla ya mtandao kulikuwa na simu. Neno hili asili yake ni Kiajemi, ambako sim ni waya, na pia ni fedha ile ya madini. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na habari zilizokuwa zikisafiri kwa majuma kadhaa katika meli zikaanza kufika kwa muda wa saa chache. Waswahili waliuita ujumbe huo kwa jina la kile kilichoubeba, yaani waya. Baadaye ikaja mitambo ya kupeleka habari bila waya, nayo ikaitwa simu ya upepo. Haikuwa kitu cha mbali na watu wa huku. Wajerumani walikuwa wamejenga kituo cha aina hiyo Bukoba, na mwezi Juni 1915 majeshi ya Kiingereza yalivuka Ziwa Viktoria kutoka Kisumu ili kukivunja. Kwa miaka mingi baadaye polisi na maofisa wa serikali waliita hivyo hivyo chombo chao cha kuzungumzia wawapo safarini.

Mtunga istilahi mkali angesema kwamba simu ya upepo ni jina lenye kujipinga, kwa kuwa maana yake ya asili ni "waya wa upepo". Waarabu walichukua njia nyingine: walikanusha tu, wakasema lasilki, yaani kisicho na waya. Sisi tunaona kwamba jina la Kiswahili lilikuwa bora. Kukanusha hueleza kitu kisivyo, na mtu anayetafuta hitilafu hasaidiki kwa kuambiwa kitu ambacho hakipo. Upepo angalau humwonyesha mahali pa kutazama, napo ni hewani, kati ya chombo na chombo.

Wenye Kiingereza nao hawakusalimika. Mwezi Juni 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya uongozi wa Norman Abramson, kilianza kutumia mfumo wa kuunganisha kompyuta za visiwa kadhaa kwa redio. Mfumo ule uliitwa ALOHAnet, kutokana na neno la maamkizi la watu wa visiwa vile. Shida yao kubwa ilikuwa ugomvi wa sauti: kompyuta mbili zikisema kwa pamoja katika masafa yale yale, hakuna inayosikika. Dawa waliyoitunga ilikuwa rahisi kupita kiasi. Kila kompyuta iseme itakapo. Isipopata jibu la kuthibitisha kwamba ujumbe umepokewa, ingoje muda wa kubahatisha, kisha irudie. Ni kama baraza lisilo na mwenyekiti, ambalo watu wawili wakianza kusema pamoja hunyamaza wote, na atakayeanza tena kwanza ndiye asikilizwaye. Miaka miwili baadaye, Mei 1973, Robert Metcalfe, aliyekuwa ameuchunguza mfumo huo, aliandika pendekezo la kuunganisha kompyuta za ofisini kwa waya, akauita mfumo wake Ethernet, kutokana na ile hewa ya kudhaniwa ambayo wanasayansi wa karne ya 19 waliamini kwamba ndiyo ibebayo mwanga. Basi Waswahili walikiita kisicho na waya kwa jina la waya, na Wamarekani wakakiita chenye waya kwa jina la hewa. Lugha za watu haziwi nadhifu kuliko watu wenyewe.

Baraza hilo lisilo na mwenyekiti limekaa leo sebuleni mwetu. Mwezi Mei 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu baadhi ya masafa yatumiwe bila leseni kwa mawasiliano ya aina mpya. Masafa hayo yalionekana kuwa hayafai kitu, kwa kuwa yalikwisha kuachiwa mashine zinazotumia mawimbi kwa kazi nyingine, mojawapo ikiwa jiko la maikrowevu. Jiko hilo hupasha chakula kwa mawimbi ya takriban gigahezi 2.45, kompyuta nyingi za nyumbani huzungumza kati ya gigahezi 2.4 na 2.4835. Mtu anayeona kwamba mawasiliano yake hukatika kila mara wali unapopashwa moto hajarogwa. Anavuna kilichopandwa mwaka 1985. Aidha, katika mkanda huo ziko njia tatu tu zisizoingiliana, nazo hupewa namba 1, 6 na 11. Katika jengo la ghorofa lenye familia ishirini, na kila familia ina chombo chake, ni wazi kwamba wengi watakuwa wakisemea katika njia moja, wakingojana na kurudiarudia maneno. Mwenye kompyuta huona tu kwamba "mtandao uko taratibu".

Waliotumia ruhusa ile mapema ni watengenezaji wa mashine za kuhesabia fedha madukani, kampuni ya NCR, waliotaka kuzihamisha mashine bila kuvunja ukuta na kuvuta waya upya. Mwaka 1988 mhandisi wao Victor Hayes, pamoja na Bruce Tuch, waliiendea taasisi ya wahandisi iitwayo IEEE ili kiwekwe kipimo kimoja kwa wote. Kamati iliundwa mwaka 1990, ikapewa namba 802.11, na kipimo cha kwanza kikatoka mwaka 1997: megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kilifuata kipimo kilichofikia megabiti 11, nacho ndicho kilichoingia majumbani.

Hapo ndipo lilipotokea jambo linalotuhusu moja kwa moja sisi wa istilahi. Watengenezaji waliona kwamba hakuna mnunuzi atakayetamka "802.11b", hivyo mwaka huo huo wa 1999 wakaiajiri kampuni ya kubuni majina, ikawapa Wi-Fi. Jina hili si kifupisho cha maneno yoyote. Lilibuniwa ili lifanane kwa mlio na hi-fi, jina la zamani la mitambo bora ya muziki, na maelezo ya kwamba ni kifupisho yalitungwa baadaye kwa ajili ya matangazo, kisha yakaachwa. Kwa hiyo mfasiri anayetafuta maana ya silabi ya pili ili aitie katika Kiswahili anachimba kisima mahali pasipo maji. Jina libaki kama lilivyo, kama yabakivyo majina mengine ya biashara, na wasemaji waendelee kulitamka waifai kama wanavyolitamka sasa. Mwaka 2018 wenye jina hilo waliacha kutaja vizazi vya ufundi wao kwa herufi, wakaanza kuhesabu kwa namba peke yake. Wahandisi nao huchoka na istilahi zao wenyewe.

Tuirudie lugha yetu. Mtandao latokana na kitenzi tanda, kile kile tunachokitumia kwa mawingu yanapoifunika anga. Jamaa zake ni wengi: mtande wa mfumaji, ambazo ni nyuzi za urefu zinazotangulia kutegwa, utandabui wa buibui, na kutandaza. Kwa hiyo ni neno la kitu kilichoenea na kuungana, na halina lawama yoyote katika kuundwa kwake. Lilipokuja kutumika kwa simu za mkononi, lilichukua maana ya eneo ambalo mawimbi ya kampuni hufika, kisha likawa jina la kampuni yenyewe: "Wewe uko mtandao gani?" Likaja kuwa jina la intaneti nzima. Katika siasa za Tanzania za mwaka 2005 liliingia hata katika kampeni, na kundi la waungaji mkono wa mgombea likaitwa wanamtandao. Neno ambalo limekubali kwenda kila mahali haliwezi tena kutuonyesha mahali.

Wakati huo huo kazi ya kuifundisha kompyuta Kiswahili ilikuwa ikiendelea. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na mwaka uliofuata Microsoft nayo ikatoa tafsiri yake. Kazi hizo zilitupatia maneno mengi mazuri ya faili, madirisha na vipanya. Hata hivyo zilihusu zaidi mtu aliyekaa mbele ya kioo kizima, kazi ikiendelea vyema. Msamiati wa kompyuta iliyogoma ni maskini hadi leo, na hiyo si ajabu, kwani wafasiri huanza na orodha ya amri za programu kabla ya kufikia ujumbe wa makosa.

Basi ni dhana zipi zilizomo ndani ya neno moja? Ya kwanza ni mawimbi, yaani uhusiano wa hewani kati ya kompyuta na kile chombo cha nyumbani ambacho mafundi hukiita ruta. Vijiti vya ishara katika pembe ya kioo hupima jambo hili tu. Vinasema kwamba kompyuta inaisikia ruta; havisemi kwamba ruta inasikia chochote kutoka nje. Huenda hakuna picha katika kompyuta inayodanganya watu wengi zaidi, na lawama si ya picha, ni ya mafunzo.

Ya pili ni idhini. Ulinzi wa kwanza wa mawasiliano haya ulionyeshwa mwaka 2001 kuwa unaweza kuvunjwa, ukafuatwa na ulinzi mpya mwaka 2003 na mwingine wenye nguvu zaidi mwaka 2004. Kwa mtumiaji maana yake ni kwamba kompyuta kuukuu inaweza kukataliwa hata ikipewa nenosiri sahihi, kwa kuwa haiufahamu ulinzi wa siku hizi. Wengine husema nywila. Maneno yote mawili yanatosha, na hatuoni faida ya kugombana.

Ya tatu, iliyompata mwalimu wetu, ni anwani. Kila kompyuta iliyo katika mtandao huhitaji namba ya kuitambulisha. Tangu mwaka 1993 uko utaratibu uitwao DHCP ambao kwa huo ruta huigawia kompyuta namba hiyo yenyewe, bila mtu kuandika kitu. Utaratibu huo ukishindikana, kompyuta nyingi hujitungia namba inayoanza na 169.254. Namba hiyo ni kama anwani ya mtu aliyejiandikia mwenyewe mtaa ambao tarishi haufahamu. Mwaka 2004 Windows XP ilianza kuonyesha onyo la Kiingereza katika hali hiyo, ambalo kwa lugha yetu tungelisema "muunganisho pungufu". Dawa mara nyingi ni ndogo: kuizima ruta, kungoja kidogo, kuiwasha tena, kisha kuiunganisha kompyuta upya. Laiti mwalimu angaliweza kusema "kompyuta yangu haijapata anwani", mhudumu angalimjibu kwa sentensi moja, na nauli ya basi ingalibaki mkobani.

Ya nne ni majina. Kompyuta huendana kwa namba, lakini watu hukumbuka majina. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 orodha ya majina yote ilikuwa jalada moja lililotunzwa mahali pamoja huko Kalifornia. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa kuigawa orodha hiyo kwa wengi, kila mmoja akitunza sehemu yake. Sehemu hizo kwa Kiswahili zimeitwa vikoa. Tunalisifu chaguo hilo. Kikoa kwa wazee wetu ni chakula cha shirika ambacho watu hukitoa kwa zamu, na hapa pia kila mmoja hutoa sehemu yake ili wote wafaidike. Mfumo huu ukiharibika, mawimbi yatakuwapo, anwani itakuwapo, njia ya nje itakuwapo, na bado hakuna ukurasa utakaofunguka. Mtumiaji atasema, bila shaka, kwamba mtandao haupo.

Ya tano ndiyo aliyoikusudia mhudumu: njia itokayo ruta hadi kwenye kampuni, na kutoka hapo hadi ulimwenguni.

Pendekezo letu, kwa hiyo, si kulifukuza neno mtandao. Neno lililokwisha kukaa vinywani mwa watu halifukuzwi na ofisi. Tunapendekeza libakizwe kwa maana pana, na kwamba katika vitabu vya maelezo, karatasi za mafunzo na mazungumzo ya huduma kwa wateja yatumike maneno matano mahsusi: mawimbi, idhini, anwani, majina na njia ya nje. Hakuna hata moja kati yake lililobuniwa jana. Mwalimu anaweza kuyafundisha kwa kipindi kimoja, na katibu muhtasi anaweza kuyataja katika simu bila kuona haya.

Kuhusu maneno mengine tutasema kwa ufupi. Pasiwaya limependekezwa na limeanza kuandikwa. Linafaa kama kivumishi, ijapokuwa msomaji wa haraka anaweza kudhani kwamba ni pasi ya nguo. Kipanga njia ni tafsiri sahihi ya kazi ya ruta, lakini ruta ni fupi, linakubali ngeli bila taabu, na mafundi wamekwisha kulichagua. Kwa kazi yenyewe ya kutafuta kosa, programu nyingine huandika utatuzi. Neno hilo linaruka hatua. Kutatua huja baada ya kujua. Kazi ngumu ni ile inayotangulia, ya kwenda sehemu kwa sehemu ukiuliza ni wapi palipokatika. Kwa hiyo tumependelea usakaji wa hitilafu, kwa sababu msakaji hajui bado mnyama yuko kichaka kipi.

Limebaki neno moja ambalo halijapata Kiswahili chake. Desemba 1983 Mike Muuss, mtaalamu wa maabara moja ya jeshi la Marekani, aliandika programu ndogo inayopeleka ujumbe mfupi kwa kompyuta nyingine na kungoja jibu. Aliiita ping, kwa mlio wa chombo cha manowari kinachotafuta vitu majini kwa mwangwi. Msomaji wa bara hana manowari masikioni mwake, lakini kila Mswahili anajua desturi ya kusimama mlangoni, kutoa sauti na kungoja kuitikiwa. Tunapendekeza kupiga hodi. Msakaji wa hitilafu apige hodi kwanza kwa ruta yake: isipoitikia, kosa limo ndani ya nyumba, katika mawimbi, idhini au anwani. Ikiitikia, apige hodi kwa namba ya kompyuta ya mbali. Isipoitikia, huenda njia ya nje imekatika, na hapo ana haki ya kuipigia simu kampuni. Ikiwa namba imeitikia na jina halikuitikia, kosa liko kwenye majina. Atahadhari jambo moja tu: ziko kompyuta zilizoamriwa na wenyewe zisiitikie hodi ya mtu yeyote, kama mwenye nyumba aliyemo ndani akanyamaza kimya, na kwa hiyo inafaa kubisha katika milango miwili au mitatu kabla ya kuamua kwamba njia imekatika.